Maswali ya Wasomaji: Vumbi la Kaskazi na Vijimea vya Bahari Yetu

Barua nyingi zilizotufikia tangu kaskazi ianze kuvuma zinauliza kuhusu rangi ya bahari: kwa nini maji hugeuka, kwa nini huwaka usiku, na kwa nini samaki hufuata misimu. Nyingi kati yake jibu lake linaanzia mahali pamoja, yaani kwa vijimea vinavyoelea majini ambavyo wanasayansi huviita fitoplanktoni. Ni viumbe vidogo visivyoweza kushindana na mkondo wa maji, lakini hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama jani la mwembe linavyofanya. Hivi vidogo ndivyo vinavyofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, kwa hiyo naomba msomaji asinione nimezidisha nikivipa nafasi yote ya safu hii mwezi huu.

Mvuvi, Kizimkazi, Unguja: Assalaam alaykum. Kila kaskazi, bahari ikilala shwari, tunakuta mistari mirefu ya kitu kama vumbi la msumeno, rangi ya kahawia, imetanda juu ya maji. Baada ya siku mbili tatu hunuka. Wenzangu wengine wanasema ni uchafu unaomwagwa na meli, wengine wanasema ni mayai ya samaki. Ni kitu gani, na je, kinadhuru?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wewe umekifananisha na vumbi la msumeno, na mabaharia wa Kiingereza waliita hivyo hivyo zamani. Watu wa msafara wa Kapteni James Cook walikiona katika pwani ya Australia mwaka 1770. Si uchafu wa meli, wala si mayai. Ni kiumbe hai kiitwacho Trichodesmium, jina alilokipa mwanasayansi Mjerumani Ehrenberg mwaka 1830 baada ya kukichunguza katika Bahari ya Shamu. Kinahesabiwa katika kundi la saianobakteria, yaani bakteria wenye uwezo wa kutumia mwanga wa jua, na ni mojawapo ya vijimea vichache vya bahari ambavyo mtu huviona kwa macho yake bila hadubini.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi, nawe unaweza kuifanya ukiwa ndani ya mashua. Chota maji hayo kwa chupa ya plastiki angavu, inayoonyesha kilichomo ndani, ifunge, iache itulie kwa dakika chache. Mafuta ya meli hutanda juu kama utando wenye rangi za upinde wa mvua na hung'ang'ania vidole. Vumbi lako litapanda polepole kuelekea shingo ya chupa, likiwa vipande vipande, na ukiinua chupa kwenye jua utaona kwamba kila kipande ni kishungi cha nyuzi nyembamba. Hupanda kwa sababu ndani ya seli zake mna vifuko vidogo vya gesi vinavyokifanya kielee.

Mara ya kwanza nilipoliweka tone la maji hayo chini ya hadubini, maji yaliyochotwa katika bahari iliyo kati ya Unguja na Dar es Salaam, niliona tita la nyuzi zilizolala sambamba kama kuni zilizofungwa kwa kamba. Kila uzi ulikuwa na seli nyingi zilizopangana moja baada ya nyingine kama shanga zilizotungwa. Juu ya nyuzi hizo alikuwapo mnyama mmoja mdogo mno, mwembamba na mrefu, wa jamaa ya kamba, akitambaa kama sisimizi juu ya ukuti. Baadaye nilijifunza kuwa huyo ni Macrosetella, mmoja wa wanyama wachache wanaokula Trichodesmium, na kwamba watoto wake huzitumia nyuzi hizo kama chelezo, kwa sababu hawajui kuogelea vizuri. Nilikaa na tone lile mpaka likakauka. Tangu siku hiyo sijaweza tena kuiita mistari ile uchafu.

Sasa kwa nini hutokea kaskazi? Miezi ya kusi upepo huwa mkali na bahari hukorogwa mpaka chini, kwa hiyo nyuzi hutawanyika na hazipati kukaa juu. Kaskazi ikiingia upepo hupungua nguvu, maji ya juu hupata joto linalokaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na tabaka hilo la joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Hapo vijimea vingine hupata njaa, kwa maana mbolea ya bahari, hasa naitrojeni, imebaki chini. Trichodesmium haipati shida hiyo, kwa kuwa hutwaa naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini na kuigeuza kuwa chakula chake, kama mizizi ya kunde inavyofanya shambani kwa msaada wa bakteria. Ni kazi ngumu, kwani kimeng'enya kinachoifanya huharibiwa na oksijeni, na Trichodesmium huifanya mchana, saa zile zile ambazo yenyewe inatoa oksijeni. Naitrojeni hiyo hatimaye huvuja majini au hubaki nyuzi zinapokufa, na vijimea vingine huitumia. Katika bahari yetu, ambayo kwa asili ina mbolea haba, hilo ni jambo la kushukuriwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stockholm ulithibitisha kwamba katika maji ya pwani ya Tanzania kiumbe hiki hustawi hasa miezi ya kaskazi, kama mlivyoona ninyi wavuvi miaka yote.

Kuhusu madhara: likiwa bado hai na liko mbali na ufuo, vumbi hilo halina neno. Mistari unayoiona si mahali lilipozaliwa, bali ni mahali maji mawili yalipokutana na kulikusanya. Tatizo huja likisukumwa na upepo hadi kwenye ghuba au hori lisilo na mzunguko mzuri wa maji. Huko hufa kwa pamoja, maji huweza kugeuka mekundu au ya zambarau kwa rangi inayotoka kwenye seli zilizopasuka, kisha kuoza kwake hula oksijeni na kutoa harufu ile uliyoitaja. Samaki waliozingirwa humo, hasa walio kwenye uzio au wando, wanaweza kufa kwa kukosa pumzi. Watu wengine pia huwashwa ngozi wakiogelea ndani yake, basi ni bora watoto wakae nje ya maji mpaka yasafike. Nyavu zikinasa utelezi wake, zisuuze mapema kabla haujakauka.

Mwanafunzi wa chuo, Mombasa: Mwalimu wetu alitufundisha kwamba vijimea vya bahari ya Afrika Mashariki hustawi zaidi wakati wa kaskazi. Hivi karibuni nimesoma kwamba setilaiti zinaonyesha kinyume chake, kuwa klorofili ni nyingi wakati wa kusi. Nifuate ipi?

Zote mbili, kwa sharti uulize kwanza nani alipima nini, na wapi.

Waliopima zamani walitumia mashua ndogo karibu na ufuo, wakakokota wavu wa kitambaa chembamba na kuhesabu walichonasa. Wavu hunasa vikubwa, na kikubwa cha kaskazi ni Trichodesmium, basi hesabu zao zikapanda msimu huo. Lakini sehemu kubwa ya vijimea katika maji ya joto ni vidogo kuliko tundu la wavu wowote. Prochlorococcus, ambayo huenda ndiyo yenye idadi kubwa kuliko kijimea kingine chochote duniani, haifiki hata elfu moja ya milimita kwa upana, na haikujulikana kabisa hadi mwaka 1988. Wanasayansi wa enzi za wavu waliihesabu bahari huku sehemu kubwa ya wakazi wake wakipita kwenye matundu.

Setilaiti haihesabu viumbe. Hupima rangi ya nuru inayorudi kutoka baharini na kukadiria klorofili, yaani ukijani, wa tabaka la juu. Kwa maji yaliyo kati ya Pemba na Tanga, picha za miaka mingi zimeonyesha ukijani ukiongezeka miezi ya kusi, na sababu yake inaeleweka. Upepo wa kusi hukoroga maji, joto hushuka kuelekea nyuzi 25, na mbolea iliyokuwa chini hupandishwa kwenye mwanga. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima, nao huongeza kasi hata kupita mita 1 kwa sekunde, na unapopita kando ya visiwa huvuta maji ya chini kuja juu. Kwenu Kenya mambo yanabadilika tena, kwa sababu wakati wa kaskazi mkondo huo hukutana na ule wa Somalia unaoteremka kusini, na yote miwili hupinda na kuiacha pwani. Ndiyo maana maji ya kaskazini mwa pwani ya Kenya yana sifa zake peke yake.

Hata hivyo setilaiti nayo ina udhaifu ambao watu wengi huusahau. Karibu na ufuo, tope la mto na mchanga mweupe wa sakafu ya bahari huidanganya, ikaona ukijani pasipo na ukijani. Maji yetu ya mbali na pwani ni maskini, mara nyingi hayafikishi hata nusu miligramu ya klorofili katika mita moja ya ujazo, kwa hiyo kosa dogo la kipimo huwa kubwa katika hesabu. Ushauri wangu kwako kama mwanafunzi ni kwamba usiamini ramani ya rangi ambayo hakuna aliyekwenda kuchota maji chini yake.

Mkaazi wa Kilindoni, Mafia: Wazee wetu husema mto Rufiji ndio unaolisha kamba na dagaa wa huku. Sasa mto una bwawa kubwa. Je, bwawa linaweza kugusa vijimea hivi unavyoviandika?

Wazee wamesema kweli. Mto huleta vitu vitatu ambavyo bahari ya wazi inavikosa: naitrojeni, fosforasi na silika. Hiyo ya tatu ndiyo nitakayoieleza, kwa sababu husahaulika. Kundi la vijimea liitwalo diatomu hujijengea gamba la silika, yaani kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Chini ya hadubini gamba hilo linafanana na kisanduku cha kioo chenye mfuniko, kilichotobolewa matundu kwa mpangilio unaopendeza kuliko nakshi za mlango wa Kizanzibari. Diatomu ni chakula kizuri cha wanyama wadogo wanaoliwa na dagaa na watoto wa kamba. Kwa kila atomu 1 ya fosforasi, huhitaji takribani atomu 16 za naitrojeni na kiasi kinachokaribiana na hicho cha silika. Silika ikipungua huku vile viwili vingine vikibaki, diatomu hushindwa na nafasi yao huchukuliwa na vijimea vya makundi mengine, ambavyo baadhi yake vina sumu au haviliki vizuri.

Bwawa hupunguza silika kwa njia mbili: tope hutuama chini ya ziwa, na diatomu za maji baridi hustawi ndani ya ziwa hilo na kuitumia kabla haijafika baharini. Pia hubadili wakati wa mafuriko, na vijimea vya mlangoni mwa mto vimezoea kusubiri mafuriko ya masika. Mfano unaojulikana sana ni wa mto Nile. Baada ya Bwawa la Aswan kuzuia mafuriko kuanzia mwaka 1964, kustawi kwa diatomu kila mwaka mbele ya mdomo wa Nile kulikoma, na uvuvi wa dagaa wa Misri ukaanguka kutoka karibu tani 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 mwishoni mwa muongo huo. Samaki walirejea miaka ya 1980, na watafiti wengi wanaamini kuwa kilichowarudisha ni mbolea za mashambani na maji taka ya miji, ambayo ni tiba yenye hatari zake.

Rufiji si Nile. Bahari ya Mafia ina maji kujaa na kupwa yanayozidi mita 3 wakati wa bamvua, ina mikoko mingi katika delta, na mkondo wa bahari kuu unapita karibu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, kwa hiyo miaka hii ndiyo ya kupima silika na diatomu mlangoni mwa mto, mwezi kwa mwezi. Naliandika hili kwa moyo mzito, kwa sababu najua kipimo kisichochukuliwa mwaka huu hakiwezi kuchukuliwa tena.

Mama mwenye mgahawa, Malindi: Usiku fulani mawimbi huwaka rangi ya buluu. Je, samaki na chaza wa siku hizo ni salama kwa wateja wangu?

Mwanga huo, dada yangu, hutolewa na dinoflagelata, viumbe vyenye mkia mwembamba ambavyo hutoa cheche vinapotikiswa. Kinachojulikana zaidi ni Noctiluca, ambacho hata si kijimea kamili, kwa kuwa hula vijimea vingine badala ya kujitengenezea chakula. Kuwaka peke yake si dalili ya sumu, wala maji yasiyowaka si ushahidi wa usalama.

Sumu hutoka kwa jamaa zao wengine. Baadhi hutengeneza sumu ya mishipa ya fahamu ambayo chaza, kome na kombe huikusanya wanapochuja maji, na nakuomba ushike neno hili: kuchemsha, kukaanga au kutia ndimu hakuiondoi. Jamaa mwingine, Gambierdiscus, huishi juu ya mwani na matumbawe yaliyokufa. Sumu yake hupanda kutoka samaki mla-majani hadi samaki mla-nyama, ndiyo maana mkunga, mzia na chewa wakubwa sana wa miambani huwa na hatari kuliko wadogo. Mteja akipata ganzi ya midomo na vidole, au akihisi maji baridi yanamchoma kama moto, apelekwe hospitali mara moja na aseme alikula nini. Usinunue kamwe samaki waliookotwa wakielea. Mapema mwaka 2002 samaki wengi walikufa kaskazini mwa pwani ya Kenya na upande wa Somalia, na watafiti walilihusisha tukio hilo na vijimea vyenye madhara.

Mkulima wa mwani, Paje: Je, vijimea hivi ndivyo vinavyougeuza mwani wetu kuwa mweupe na kukatika?

Hapana. Mwani wenu na vijimea hula mbolea ile ile, lakini maji yanayoingia na kutoka kwenye mashamba kila siku ni mengi mno kiasi kwamba ushindani huo ni mdogo. Kuwa mweupe husababishwa na mwani kudhoofika kwa joto kali, maji ya mvua yanayopunguza chumvi, au mwanga usiotosha, kisha bakteria wakaushambulia ukiwa dhaifu.

Mwalimu wa biolojia, sekondari, Lindi: Shule yetu iko karibu na bahari, tuna hadubini mbili na hatuna fedha. Tunaweza kuanza utafiti wowote wa maana?

Mnaweza, Mwalimu, na barua yako imenifurahisha kuliko zote. Anzeni na sahani ya Secchi, iliyopewa jina la padri Mwitaliano Angelo Secchi aliyeitumia katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865. Chukueni mfuniko wa ndoo wenye upana wa sentimita 30, upakeni rangi nyeupe, ufungeni jiwe chini yake, na kamba iliyotiwa alama kila nusu mita. Ishusheni upande wa kivuli wa mashua mpaka isionekane, mwandike kina, mwishushe zaidi kidogo, kisha mwipandishe mpaka ionekane tena na kuandika kina cha pili. Wastani wa viwili hivyo ndio uangavu wa maji. Maji yenye vijimea vingi au tope huificha sahani mapema.

Wavu shoneni wenyewe. Kitambaa cha wachapaji wa fulana, kile wanachopitishia wino, kina matundu madogo yanayotosha kunasa diatomu kubwa na nyuzi. Kikateni kama pia, mdomoni mtie pete ya waya, mkiani mfunge chupa ndogo, na mkikokote polepole kwa dakika 5. Pamoja na hayo chukueni lita moja ya maji ya ndoo yasiyopita kwenye wavu, kwa sababu niliyoieleza kwa mwanafunzi wa Mombasa. Kuyahifadhi, tumieni iodini ile ile mnayopimia wanga darasani: dondosheni mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyo hafifu, yaacheni gizani kwenye silinda ndefu kwa siku mbili, kisha mwondoe maji ya juu kwa mpira mwembamba bila kutikisa. Kilichotuama chini ndicho cha kuhesabiwa.

Siri ya thamani ya kazi hiyo ni kurudi mahali pale pale. Chagueni sehemu moja, saa moja, na hali moja ya maji, tuseme maji makuu ya bamvua, mara mbili kwa mwezi. Andikeni upepo, mvua, joto la maji na uangavu hata siku ambayo chini ya hadubini hamkuona kitu, kwa sababu siku tupu nayo ni kipimo. Majina ya Kilatini yasiwatishe. Mwaka wa kwanza wanafunzi wachore maumbo na kuyapa majina yao wenyewe, mradi umbo moja lisibadilishiwe jina katikati ya mwaka. Vaeni jaketi za kuokolea, na msitoke kusi ikiwa kali. Na mkikutana na vumbi la msumeno la ndugu yetu wa Kizimkazi, lichoreni siku hiyo hiyo, kabla ya iodini na ikiwezekana ndani ya saa moja au mbili, kwa maana matita yake hufumuka upesi yakiwa chupani, na kesho yake mtakuta nyuzi zilizotawanyika tu.